Final Fantasy VII: uanze na ya 1997 au na Remake?

Zamani swali hili halikuwepo. Ukisema unataka kucheza Final Fantasy VII, kila mtu alijua unasema gemu ipi: diski tatu za PlayStation ya kwanza, zilizotoka Japani Januari 1997 na kufika Marekani Septemba ya mwaka huohuo. Leo andika jina hilo kwenye duka la Steam au la PlayStation uone. Utaletewa Final Fantasy VII yenyewe, Remake Intergrade, Rebirth na Crisis Core Reunion, na ukihamia kwenye simu utakutana na Ever Crisis inayopakuliwa bure. Zote zina kijana aitwaye Cloud na upanga unaomzidi kimo. Mgeni anabaki anajiuliza aingilie mlango upi.

Jibu nalitanguliza, asiye na muda aondoke nalo: anza na ya 1997, labda uwe mtu ambaye gemu za zamani zinamshinda kabisa. Silisemi hilo kwa kuwaonea huruma wakongwe. Remake jina lake linadanganya kidogo. Ukilisikia unadhani ni gemu ileile iliyopakwa rangi mpya, kumbe ni hadithi inayojua kwamba ulishasimuliwa ile ya kwanza, na mara kwa mara inakuchokoza kwa kile unachokikumbuka. Usipokuwa na cha kukumbuka, uchokozi huo unakupita juu ya kichwa.

Kila moja imebeba kiasi gani

Gemu ya 1997 ni hadithi nzima, mwanzo hadi mwisho. Cloud Strife, askari wa zamani aliyegeuka mamluki, anakodishwa na kikundi cha Avalanche kulipua kinu cha mako katika jiji la Midgar. Mako ni uhai wa sayari unaonyonywa ardhini na kampuni ya Shinra ili kuzalisha umeme. Humo Midgar unakaa saa tano, sita, saba hivi, kisha geti linafunguka na dunia nzima iko mbele yako: mabara, bahari, vijiji, jangwa, theluji. Ukicheza bila kuzungukazunguka sana unaimaliza kwa takriban saa 40.

Remake, iliyotoka Aprili 2020 kwenye PS4, inachukua zile saa chache za Midgar na kuzifanya gemu kamili ya sura 18. Saa 30 hadi 40 zinaishia humohumo jijini. Geti linapofunguka, majina ya watengenezaji yanaanza kupanda kwenye skrini.

Rebirth ya Februari 2024 inaendelea kuanzia mji wa Kalm na kuishia pale ambapo diski ya kwanza ya mwaka 1997 iliishia. Sura zake ni 14, lakini usidanganyike na namba. Ukifuata kila mnara, kila kuku wa kupanda na kila mchezo wa karata wa Queen's Blood, saa 100 zinaisha na bado kuna alama ramani nzima. Sehemu ya tatu, itakayofunga hadithi, bado inatengenezwa.

Hapo tayari kuna hoja nzito. Anayeanza na Remake leo anaanza safari ambayo kituo chake cha mwisho hakijajengwa. Anayeanza na ya 1997 anaweza kujua mwisho wake ndani ya mwezi mmoja wa kucheza jioni baada ya kazi.

Tukio lilelile, mara mbili

Maneno ya jumla hayasaidii sana, kwa hiyo tuchukue kipande kimoja kilichomo kwenye zote mbili: usiku wa kinu cha kwanza.

Mwaka 1997: kamera inaanza kwa msichana aliyeinama mbele ya mwanga wa kijani, ana kikapu cha maua. Anasimama, anatoka uchochoroni, kamera inapanda juu na juu tena mpaka unaliona jiji zima kama sahani ya chuma yenye vinu pembeni, halafu inashuka kwa kasi hadi stesheni ambako treni inaingia. Cloud anaruka kutoka juu ya behewa. Muda mfupi baadaye uko ndani ya kinu, mko wawili, wewe na Barret, jitu lenye bunduki badala ya mkono wa kulia. Barret anahubiri kuhusu sayari inayolia. Cloud anamjibu kwamba hilo halimhusu, yeye yuko kwa ajili ya pesa. Mistari michache tu ya maandishi, na wahusika wote wawili umeshawajua. Mnatega bomu, mnapigana na nge wa chuma, mna dakika 10 za kutoka. Njiani Jessie, mwenzenu wa Avalanche, ananasa mguu na unamsaidia.

Mkishatoka, mitaani watu wanakimbia, na yule msichana wa maua anagongana nawe. Anaitwa Aerith, ingawa maandishi ya Kiingereza ya wakati ule yalimwandika Aeris. Anauliza kumetokea nini. Unaweza kununua ua lake kwa gil 1, pesa ya humo. Basi. Mazungumzo hayafiki dakika moja, hakuna sauti, na nyuso za wahusika ni vipande vya rangi visivyo na mdomo. Unaendelea na safari na pengine unamsahau. Gemu inataka umsahau kidogo, ili atakaporudi baadaye uwe wewe unayesema, "Aa, huyu ni yule wa maua!"

Remake: kamera ni ileile, msichana yuleyule, treni ileile, ila sasa unayaona mawe ya barabara na watoto wakicheza. Ndani ya kinu, Barret anahubiri kwa sauti, anafoka, na Cloud anamjibu kwa kuguna. Bomu unaulizwa uliwekee dakika 20 au 30. Nge wa chuma sasa ana hatua kadhaa. Anarusha mwale mkiani na unajificha nyuma ya vyuma vilivyoanguka. Ni pambano zuri mno. Halafu unatoka mitaani, moto kila mahali, na katika uchochoro unaowaka Cloud anamwona mtu mrefu mwenye nywele za fedha.

Huyo ni Sephiroth. Tuko sura ya pili.

Mwaka 1997 Sephiroth kwa saa kadhaa ni jina tu. Watu wanalitaja kwa kushusha sauti. Unapanda ghorofa za jengo la Shinra na kukuta michirizi ya damu sakafuni, na hujui aliyeifanya kazi ile ni binadamu au kitu gani. Mpaka Cloud anapokaa chini huko Kalm na kusimulia, hofu imeshapikwa ikaiva. Watengenezaji wa Remake walijua kwamba mamilioni ya watu duniani wanaijua sura ya Sephiroth, wana vinyago vyake mezani, wameimba wimbo wake. Kumficha kungekuwa mchezo wa kuigiza mbele ya watu walioshasoma. Wakaamua kumtoa mapema na kuwauliza wakongwe: mbona yuko hapa, wakati hakupaswa kuwepo bado? Swali hilo linamsisimua aliyecheza ya kwanza. Kwa mgeni hakuna swali lolote. Kuna mtu mwenye nywele ndefu ametokea kwenye moshi, anasema mafumbo, anapotea.

Dakika chache mbele kuna Aerith. Ua anakupa. Lakini kabla ya hapo unamkuta akipigapiga hewa, anasukumana na vitu visivyoonekana, na baadaye anapomshika Cloud mkono, Cloud naye anaviona: vivuli vya kijivu vyenye kofia vinavyozunguka kama moshi. Sitasema vinafanya kazi gani. Nitasema tu kwamba hadithi nzima ya Remake inasimama juu ya vivuli hivyo, na maana yake inamwangukia vizuri yule tu anayeweza kusema, "Hapa mambo hayakwenda hivi." Mgeni atazielewa sentensi zinazoeleza, maana zipo. Ila hatausikia mshtuko, kwa sababu mshtuko unataka uwe na njia ya kwanza kichwani kabla ya kuona mtu anakupeleka njia nyingine.

Kwangu hoja hii inazizidi zote, picha na muziki zikiwemo. Ukianza na ya 1997 kisha Remake, unazipata zote mbili nzima nzima. Ukianza na Remake kisha ya 1997, ya 1997 inapoteza siri zake na Remake ilishapoteza mzaha wake.

Anachokipata mgeni kwenye Remake, tuseme ukweli

Isieleweke kwamba Remake ni gemu dhaifu. Kuna vitu inavifanya ambavyo PlayStation ya kwanza isingeviweza hata kwa diski 20.

Chukua Biggs, Wedge na Jessie, wenzako wa Avalanche. Mwaka 1997 kila mmoja ana mistari michache na mzaha mmoja. Remake imempa Jessie nyumba, mama mpishi, baba mgonjwa, na sura karibu nzima ya kwenda huko usiku kwa pikipiki. Baada ya hapo, lolote linalompata unalipokea kwa namna nyingine. Tifa, mwenzako mwingine wa Avalanche, na Aerith nao wanazungumza na kucheka kama marafiki wa kweli. Soko la Wall Market limegeuka mtaa wa usiku wenye taa, umbea na ukumbi wa dansi ambao utamtoa Cloud jasho kuliko bosi, yaani adui mkubwa, yeyote.

Muziki wa Nobuo Uematsu, uliokuwa ukitoka kwenye kisanduku kidogo cha sauti cha mashine ile, sasa unapigwa na okestra, na unabadilika katikati ya pambano kulingana na unavyopigana. Masashi Hamauzu na Mitsuto Suzuki wamefanya kazi ya maana hapo.

Ila kuvuta saa sita ziwe 35 kuna gharama yake, na gharama hiyo inalipwa na miguu yako. Kuna sehemu unatafuta paka weupe watatu wa mtoto mtaani. Kuna sura nzima unazima mataa makubwa chini ya bamba la jiji ili upate umeme wa lifti. Kuna korido ambazo Cloud anajibana na kupita ubavuubavu, pole pole, huku mashine ikipakia eneo linalofuata. Mimi sehemu hizo zilinichosha. Wapo wanaozipenda kwa sababu zinawapa nafasi ya kuvuta pumzi na kutazama mandhari, na siwezi kugombana nao.

Kupigana

Mtu akiniambia ya 1997 imemshinda, mara nyingi ni mapigano.

Unatembea, skrini inazunguka ghafla, umeingia vitani na maadui ambao hukuwaona. Wenzako wamesimama mstari, maadui mstari, kila mmoja ana kipimo cha muda kinachojaa. Kikijaa unachagua: piga, roga, tumia dawa. Kisha unarudi kutembea. Baada ya hatua kadhaa, tena. Kwa aliyekulia kwenye gemu za kupigana kwa vitufe, hii ni foleni ya benki.

Lakini ndani ya foleni hiyo kuna materia, na hapo ndipo gemu ile ilipowateka watu. Materia ni vito unavyovipachika kwenye matundu ya upanga na bangili. Kimoja kinakupa uponyaji, kingine radi, kingine moto. Matundu mengine yameunganishwa mawili mawili: weka kito cha uponyaji upande mmoja na kito kiitwacho All upande wa pili, na tiba iliyokuwa ya mtu mmoja inawafikia wote watatu. Ukishalielewa hilo unaanza kujiuliza kuhusu kila jozi. Nikiunganisha radi na upanga wenyewe je? Nikiunganisha wito wa joka na All? Kufikia katikati ya gemu unatumia muda mwingi kwenye menyu kuliko vitani, na kwa hiari yako.

Remake imeweka vyote viwili. Unakimbia, unakata, unakwepa, unajikinga papo kwa papo, na kipimo cha muda kinajaa kadiri unavyopiga. Kikijaa unafungua menyu, dunia inaenda kwa mwendo wa konokono, unachagua uchawi au pigo maalumu. Unabadilisha kutoka Cloud kwenda Tifa kwenda Barret kwa kubofya kitufe, na kila mmoja anachezeka tofauti kabisa. Adui ana kipimo cha kuyumba. Kikijaa analegea na hapo unamalizia. Materia zipo na kuunganisha kupo, ingawa vito vya kusambaza uchawi ni adimu: kile cha Magnify kiko kimoja tu kwenye gemu nzima, ili usiwe unaponya kundi zima kila mara bila kufikiri. Asiyetaka kubofyabofya ana modi ya Classic, ambamo wahusika wanapigana wenyewe na wewe unatoa amri tu.

Kwa mapigano peke yake Remake inashinda, na Rebirth inaishinda Remake.

Kiingereza

Jambo hili wachambuzi wa Marekani na Uingereza hawana sababu ya kulifikiria, sisi tunalo. Hakuna toleo lenye Kiswahili. Utacheza kwa Kiingereza, au kwa Kifaransa kama uko Bukavu au Bujumbura na ndiyo lugha yako ya shule.

Ya 1997 haina sauti za wahusika. Kila neno liko kwenye kisanduku cha bluu kinachokusubiri ubofye. Ukikutana na neno gumu, litafute, soma tena, endelea. Hakuna anayekukimbiza. Udhaifu wake ni kwamba Kiingereza chenyewe kilitafsiriwa haraka na kina makosa. Kosa moja litakuumiza mapema: kwenye pambano la yule nge wa chuma Cloud anatoa maelekezo kuhusu mkia, na yalivyoandikwa unaweza kudhani anakuhimiza upige mkia ukiwa umesimama. Usipige. Mkia ukisimama tulia, ponya wenzako, ngoja ushuke.

Kwenye Remake watu wanaongea wakati unatembea, wakati unapigana, wakati muziki unapiga. Maandishi yanapita chini ya skrini na kuondoka. Anayekisikia Kiingereza vizuri atafurahia, waigizaji ni wazuri. Anayekisoma vizuri kuliko anavyokisikia atapitwa na mengi. Kuna mpangilio wa kukuza maandishi. Ukuze kabla hata hujaanza.

Mashine, bando na pesa

Hapa tofauti ni ya mbingu na ardhi.

Ya 1997 inakwenda karibu kwenye kila kitu: kompyuta yoyote ya ofisini, PS4, Switch, Xbox, iPhone tangu 2015 na Android tangu 2016. Haifiki hata GB 5. Bei yake kwa kawaida iko chini ya dola 20, na wakati wa punguzo inashuka zaidi. Ya simu nina angalizo nayo. Kusoma na kupigana kwa zamu kwenye kioo ni rahisi, lakini michezo midogo inayotaka mkono mwepesi, kama ule wa pikipiki, si rafiki wa vitufe vya kuchora. Ila ukiwa huna kifaa kingine, simu inatosha kuimaliza.

Remake Intergrade, yaani Remake ya PS5 iliyoongezewa kisa cha mhusika mwingine, Yuffie, kwenye kompyuta inataka GB 100 za nafasi. Kadi ya picha wanayoitaja kuwa ya chini kabisa ni GTX 780 na RAM ya GB 8, kwa hiyo laptopu ya gemu ya miaka michache iliyopita inaweza kujikongoja nayo. Rebirth, iliyofika kwenye kompyuta Januari 2025, inataka GB 155 na kadi ya kuanzia RTX 2060. Zijumlishe: GB 255 kabla hujabofya kitufe cha kwanza. Kama mtandao wako ni wa nyaya nyumbani, acha ipakue usiku kucha. Kama unategemea bando la simu, piga hesabu kwanza, maana bando linaweza kuzidi bei ya gemu.

Wenye PS4 au PS5 ya kuingiza diski wana njia ya mkato. Remake ya PS4 ni diski mbili za Blu-ray, na Rebirth, ya PS5, nayo ni diski mbili. Diski iliyotumika unainunua, unaicheza, unaiuza au kubadilishana na mwenzako, na sehemu kubwa ya data inatoka kwenye diski. Kwa atakayenunua mpya kutoka dukani, Rebirth ilitoka kwa dola 70. Remake ilishashuka sana tangu ilipotoka na huingia kwenye punguzo mara kwa mara, kwa hiyo usiinunue kwa haraka.

Nani aanze na Remake

Wapo, na siwaambii wajilazimishe.

Kama ulijaribu gemu nyingine za zamani za zamu na hukuwahi kufika mbali, nenda Remake. Gemu isiyochezwa haina siri ya kuharibu. Remake imetengenezwa ili mgeni aweze kuifuata. Anachokosa ni ile ladha ya pili. Kama unacheza sebuleni na mwenza au wadogo zako wanatazama, nenda Remake pia, kwa sababu ya 1997 haina cha kumshikilia mtazamaji, ilhali hii inatazamika kama tamthilia. Na kama tayari umeshasimuliwa hadithi nzima, pamoja na lile jambo la mwisho wa diski ya kwanza ambalo watu wamekuwa wakilizungumza tangu 1997, hoja yangu ya siri imekwisha nguvu. Chagua unachokipenda.

Kama hujalisimuliwa, linda masikio yako. Usifungue maoni ya YouTube chini ya video yoyote ya gemu hii, hata ya muziki. Hasa ya muziki.

Ipo njia ya kati ambayo wengi huipendekeza: cheza Midgar ya 1997, simama, cheza Remake, rudi. Mimi siishauri. Geti la Midgar linapofunguka ndipo gemu ya 1997 inapovuta pumzi yake kubwa. Kuizima hapo na kwenda kukaa saa 35 nyingine ndani ya jiji lilelile ni kujinyima. Ukiona huna subira ya kumaliza yote, fika angalau mwisho wa diski ya kwanza, kwa sababu Rebirth nayo inaishia hapo, na utakuwa na vitu viwili vya kulinganisha.

Crisis Core, iliyotoka PSP mwaka 2007 na kurudi kama Reunion Desemba 2022, inasimulia yaliyotokea kabla. Kwa mpangilio wa miaka ya hadithi ndiyo ya kwanza, na hapo ndipo watu wanapopotea. Inafungua wazi kitu ambacho ya 1997 inakificha kwa makusudi kwa zaidi ya nusu ya safari. Iache mpaka umalize ya kwanza. Ever Crisis ya simu inafupisha vipande vya hadithi na kukuuzia silaha kwa bahati nasibu. Kwa kuanzia haifai.

Ukiishia kuchagua ya 1997

Fungua mipangilio kabla ya yote na uweke mapigano kwenye Wait, ili muda usimame unapochagua uchawi au dawa. Picha za nyuma zilichorwa kwa ustadi lakini mara nyingi huoni mlango uko wapi. Bofya Select, au kitufe kilichochukua nafasi yake kwenye mashine yako, na mishale itakuonyesha pa kutokea. Kwenye PS4, Switch na Xbox kuna kitufe cha kuongeza kasi mara tatu na kingine cha kuzima mapambano ya kushtukiza. Cha kasi kitumie bila aibu unaporudi njia uliyoshapita. Cha kuzima mapambano kitumie kwa kiasi, la sivyo utafika kwa bosi ukiwa hujakua na utadhani gemu ni ngumu. Wahusika wawili wa kundi, Yuffie na Vincent, wanaweza kukupita kabisa usipowatafuta. Ukiwa msituni na ukikutana na msichana mdogo mwenye silaha kubwa ya nyota, mshinde, na akizungumza nawe usifungue menyu wala usihifadhi.

Kwa wenye kompyuta, kuna programu ya mashabiki iitwayo 7th Heaven inayoweka picha kali zaidi na hata sauti za waigizaji. Mara ya kwanza weka picha tu kama zile za zamani zinakuudhi, mengine yaache.

Ukishamaliza, nenda Remake Intergrade, cheza na kisa cha Yuffie, kisha Rebirth. Faili la Remake linalohifadhi ulipofikia usilifute kupunguza mzigo kwenye mashine: Rebirth ikilikuta inakupa materia ya kumwita Leviathan, na ikikuta la kisa cha Yuffie inaongeza Ramuh. Faili lenyewe ni dogo. Kinachokula nafasi ni gemu, na gemu unaweza kuifuta faili likabaki.